Kivuko kabla ya maporomoko: uchambuzi wa kisa cha matembezi ya nusu siku msituni

Usuli

Watu kumi na mmoja walikwenda kutazama maporomoko ya maji ndani ya msitu. Walipanga kuwa wamesharudi langoni saa 7:30 mchana. Walitoka saa 2:25 usiku, wakiwa wamelowa na mmoja akichechemea. Hakuna aliyevunjika wala kupotea, na ndiyo sababu nimekichagua kisa hiki. Likitokea janga, kila mtu hutafuta kosa moja kubwa la mtu mmoja na mjadala ukaishia hapo. Hapa kosa la namna hiyo halipo. Kuna maamuzi madogo, na karibu kila moja lilikuwa na sababu ya maana wakati linafanywa.

Nimezungumza na kiongozi wa msafara, msaidizi wake na washiriki wanne. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa mafunzo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Walikuwa wafanyakazi wa idara moja pamoja na jamaa zao wawili. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 19, mkubwa 61. Watatu walizoea kutembea milimani, waliobaki walikuwa watu wa afya ya kawaida wasio na mazoea hayo. Kiongozi alishafika kwenye maporomoko yale mara mbili, zote akiwa na rafiki mmoja tu na zote wakati wa kiangazi.

Njia ina kilomita 4.2 kwenda. Inaanzia langoni, juu ya mgongo wa kilima, kisha inashuka mita 350 ndani ya msitu mnene kwa kilomita 3.1 mpaka kwenye kijito. Daraja hakuna, watu huvuka kwa kukanyaga mawe. Ng'ambo ya kijito kuna kilomita 1.1 ya mawe na mizizi kando ya maji hadi chini ya maporomoko. Unashuka ukiwa na nguvu, unapanda ukiwa umechoka. Maporomoko mengi ya msituni yako hivyo, kwa kuwa maji yako bondeni na magari yanasimama juu. Anayesoma urefu wa njia peke yake hawezi kuliona hilo.

Mpango ulivyokuwa

Kiongozi hakukisia. Alitumia kanuni ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliyoitoa mwaka 1892. Kwa vipimo vya leo ni takribani saa moja kwa kila kilomita 5, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 8.4 zikampa saa 1 na dakika 41, na mita 350 za kupanda wakati wa kurudi zikampa dakika 35. Jumla ni saa 2 na dakika 16. Akazifanya mbili na nusu, akaongeza saa moja ya kukaa kwenye maji. Kuanza saa 4:00 asubuhi, kumaliza saa 7:30 mchana.

Utabiri wa hali ya hewa ulisema radi na mvua milimani kuanzia saa 8 mchana. Jua lingezama saa 12:35 jioni. Kwa mpango huo, mvua ingeanza watu wako kwenye magari.

Kila mmoja aliambiwa aje na maji lita moja na nusu, chakula, viatu vyenye meno na koti la mvua. Tochi hazikutajwa. Niliuliza kwa nini, nikajibiwa kwa neno moja: mchana.

Siku yenyewe

Gari moja lilichelewa. Kisha palikuwa na kujiandikisha langoni, kwenda chooni, kufunga mabegi. Wakaanza kutembea saa 5:15, saa moja na robo nyuma ya mpango.

Kushuka kulikuwa kwa polepole. Mama mwenye miaka 61 hakuwa mgonjwa wala mzito, ila magoti hayapendi mteremko wa mizizi na udongo laini, naye alikuwa anaweka mguu kwa uangalifu. Wa mbele walikuwa wakifika mahali, wanasimama, wanamsubiri, na akifika tu wanaondoka. Wao walipumzika kila mara, yeye hakupumzika hata mara moja. Walifika kivukoni saa 6:45 mchana. Kilomita 3.1 za kushuka ziliwachukua saa moja na nusu.

Maji yalikuwa ya kufika vifundoni. Mawe ya kukanyagia yalikuwa wazi, makavu juu, na la katikati lilikuwa jeusi, pana, lenye mfano wa meza. Kiongozi alitazama saa yake na kusema wamechelewa lakini wamekaribia. Wakavuka wakicheka. Hakuna aliyepinga, na nadhani hata mimi nisingesikia sababu ya kupinga katika sauti ile ya furaha.

Wakafika kwenye maporomoko saa 7:25. Baadhi wakaingia majini, wengine wakapiga picha, wakala. Mlio wa maporomoko humeza kila sauti nyingine, ngurumo ikiwemo. Aliyeisikia wa kwanza ni yule mama, saa 8:15, kwa sababu alikuwa ameketi mbali kidogo, kwenye kona ya njia, akinyoosha magoti. Hakusema kitu, akidhani wote wameisikia. Saa 8:35 aliona jambo la pili: maji yaliyokuwa yakipita mbele yake maangavu yamekuwa ya rangi ya chai, yamebeba majani mabichi na vijiti, na povu linajikusanya pembeni. Mvua pale walipo ilikuwa manyunyu tu. Akamwita msaidizi: "Mwanangu, haya maji si yale tuliyoyakuta."

Msaidizi alielewa papo hapo. Ilichukua robo saa kuwakusanya watu, kuwavisha viatu na kuwahesabu. Waliondoka saa 8:50, na saa 9:25 alasiri wakawa kivukoni.

Saa mbili kivukoni

Mawe yote yalikuwa yamefunikwa. Mahali lilipokuwa lile jiwe jeusi palikuwa na mgongo wa maji uliotuna, na mita kama ishirini chini yake kijito kiliingia kati ya miamba miwili na gogo lililokwama. Ukingoni maji yalimfika msaidizi juu ya goti alipopima kwa fimbo.

Vijana wawili walitaka kuvuka. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Upana ni mita nane tu, wao wana nguvu, saa zinakwenda, na mvua ikiongezeka huko juu hali itakuwa mbaya zaidi. Mmoja alikuwa na kamba na alijitolea ajifunge kiunoni avuke kwanza. Mwingine akasema, "Kaka, tukishikana mikono tunapita."

"Tukishikana mikono akaanguka mmoja, tumekwenda wote," kiongozi alimjibu. "Na huyo wa kamba, akianguka, kamba ndiyo itakayomzamisha."

Kisha akatoa uamuzi ambao kwangu ndio kiini cha kisa hiki. Hakusema "tusubiri tuone." Alisema hakuna atakayegusa maji mpaka uso wa lile jiwe jeusi uonekane. Akachomeka kijiti ukingoni pale maji yalipoishia, akamweka mtu mmoja akitazame na kutangaza kila baada ya robo saa. Kundi likahamia mita chache juu ya kingo, kwenye miti ya kimo kinacholingana, mbali na mti mmoja mrefu uliosimama peke yake.

Tangazo la kwanza: kijiti kimefunikwa. La pili: akachomeka kingine juu zaidi. Kuanzia la nne hali ikawa ile ile. Saa 10:45 maji yakaanza kuacha alama ya unyevu juu ya udongo, upana wa vidole vitatu. Mshiriki mmoja aliniambia kwamba tangu hapo hakuna aliyezungumzia tena kuvuka kwa nguvu, kwa sababu wote walikuwa wakitazama kijiti badala ya kutazama saa.

Wakati huo tatizo lingine lilikuwa linajijenga. Dada mmoja aliyekuwa ameogelea alivaa shati kavu juu ya nguo mbichi. Saa 10:15 alikuwa anatetemeka na ameacha kuchangia mazungumzo. Maji hunyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa, na nguo iliyolowa huifanya kazi hiyo muda wote mtu amekaa. Msaidizi aliagiza wanawake wawili wamkinge, avue vyote vilivyolowa na avae sweta na koti la mama. Akaketishwa juu ya begi, si juu ya jiwe, akapewa chakula kitamu. Baada ya nusu saa alikuwa anasema kama kawaida.

Jiwe lilionekana saa 11:20. Waliongeza dakika kumi, kisha wakavuka mmoja mmoja wakiwa na viatu, mikanda ya mabegi imefunguliwa, fimbo mkononi na uso ukielekea maji yanakotoka. Msaidizi alisimama chini kidogo ya kivuko. Walivuka wote.

Kupanda gizani

Walibakiwa na mita 350 za kupanda na saa moja na dakika tano za jua. Msituni giza huja mapema, chini ya miti minene huoni mizizi hata mbingu ikiwa bado na mwanga. Kulikuwa na tochi tatu za kichwa, za wale watatu wenye mazoea, na simu ambazo nyingi zilikuwa zimemalizia chaji kwenye picha.

Kiongozi alimweka mama mbele. Tochi moja ikawa kwake, moja katikati, moja kwa msaidizi nyuma. Wote wakaenda kwa mwendo wa mama, na safari hii wakisimama, walisimama mpaka yeye apumue.

Saa 12:10 kijana mmoja aliteleza juu ya mzizi, kifundo kikapinda. Msaidizi alikuwa na mafunzo ya huduma ya kwanza. Alibonyeza mfupa wa kifundo upande wa ndani na wa nje, nyuma na kwenye ncha zake, hapakuwa na maumivu ya mfupa. Akamtaka apige hatua nne, akazipiga kwa kuchechemea. Ni vipimo kutoka kwenye kanuni zilizotolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, za kuamua nani ana haja ya picha ya eksirei. Alimfunga bandeji ya kuvutika bila kumvua kiatu kwa muda mrefu, akampa fimbo, wakaendelea.

Saa 1:10 usiku walifika mahali simu inaposhika kidogo. Kupiga kulishindikana, ujumbe mfupi ukapita. Hawakujua kwamba msaada ulikuwa tayari njiani. Yule dada aliyepata baridi alikuwa amemwambia ndugu yake asubuhi kwamba akikaa kimya mpaka saa 12 jioni, apige simu langoni. Ndugu alipiga saa 12:15. Saa 1:40 kundi lilisikia sauti mbali juu yao. Msaidizi akapuliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, akanyamaza dakika moja, akarudia. Yakajibu mapigo matatu, kama desturi ya milimani ilivyo, na walinzi wawili wa msitu wakatokea na taa.

Matokeo

Kifundo kilipona baada ya wiki chache bila plasta. Wawili walisema hawatakwenda tena na kundi kubwa. Kiongozi aliendelea kuongoza, kwa mpango wa namna tofauti.

Uchambuzi

Watu wengi wanaosimuliwa kisa hiki husema: walichelewa kuanza. Ni kweli, na haitoshi. Wangeanza saa 4:00 kwa mwendo ule ule, wangevuka kurudi karibu saa 7:45, kabla ya ngurumo ya kwanza. Lakini magari huchelewa, na kundi la watu kumi na mmoja halijawahi kuondoka kwa wakati. Mpango unaofaa ni ule unaosema kuchelewa kutalipwa na nini. Wao waliisogeza ratiba nzima mbele kama ilivyo. Kukaa kwenye maji hakukupunguzwa, kulirefuka kutoka saa moja hadi karibu saa moja na nusu.

Hesabu ya Naismith haikukosewa, ilitumiwa kwa watu wasio wake. Ni kanuni ya mtembeaji mwenye mazoezi, kwenye njia nzuri, asiyesimama. Tena haihesabu mteremko mkali, ambao kwa magoti ya mama yule ulikuwa kazi kuliko kupanda. Kipimo bora kilikuwepo mbele yao: kwa saa moja na nusu walikuwa wametembea kilomita 3.1. Mwendo halisi wa mtu wa mwisho katika saa ya kwanza ni taarifa ya thamani kuliko kanuni yoyote, na unapatikana mapema, wakati bado kuna nafasi ya kubadili mpango.

Hoja yangu kubwa ni kuhusu mahali pa kugeukia. Kundi lilipanga safari ya kwenda kwenye maporomoko, kwa hiyo kila hesabu ilipimwa kutoka hapo. Kumbe mahali panapoamua siku ile ni kivuko. Lango halifungwi na maporomoko hayakimbii, ila kivuko kinaweza kufungwa kwa saa mbili bila tone la mvua kukuangukia. Saa ya kugeuka ilipaswa kuwa saa ya kuwa umeshavuka kurudi. Utabiri ulitaja saa 8, basi saa 8:00 wote wawe upande wa lango. Sasa rudi saa 6:45, kiongozi amesimama mbele ya lile jiwe kavu. Kwa mwendo wao ni dakika 40 kwenda na 35 kurudi. Saa 8:00 kamili wangekuwa wamerudi kivukoni bila kuketi hata dakika moja kwenye maporomoko. Jibu lilikuwa wazi kwa hesabu ya vidole, lakini swali halikuulizwa, kwa sababu kwenye karatasi ya mpango kivuko kilikuwa mahali pa kupita tu. Wangeweza kula chakula chao pale pale kando ya maji na kurudi. Ingeuma, na kiongozi angelaumiwa. Saa ya kugeuka ikitangazwa langoni kabla ya safari, lawama hiyo huwa nyepesi, maana wote walishaikubali kabla hawajayasikia maporomoko.

Uzoefu wa kiongozi nao ulimpunja. Alikijua kijito cha kiangazi. Kijito kidogo chenye mteremko mkali kinakusanya maji kutoka miinuko yote iliyo juu yake, na radi ikipiga huko, maji hufika kabla ya mvua. Rangi, majani, vijiti na povu ndiyo barua ya kwanza. Anayeketi mahali penye kelele za maporomoko hawezi kusikia, hivyo mtu mmoja anapaswa kukaa mbali kidogo kwa makusudi, akitazama maji na mbingu. Siku hiyo kazi hiyo ilifanywa na mama kwa bahati tu, na dakika ishirini kati ya ngurumo na tahadhari zilipotea kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni kazi yake kusema.

Kijito cha namna hiyo hupanda haraka, na mvua ikikata juu hushuka haraka pia. Ndiyo maana kusubiri kivukoni kulikuwa mpango kamili. Nguvu ya maji haiongezeki kwa kulingana na kasi, kasi ikizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne, na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukiongeza miamba na gogo chini ya kivuko, anayeanguka pale hana mahali pa kutokea. Kamba kiunoni ingekaza maji yakimvuta, na ingemshikilia chini ya uso wa maji. Kiongozi alikuwa sahihi kwa yote. Ila sifa kubwa ninampa kwa jiwe jeusi. Watu waliochoka na kulowa hawawezi kuvumilia "subirini" kwa saa mbili bila kukata tamaa. Wanaweza kukubaliana na kitu wanachokiona kwa macho.

Kuhusu tochi sina maneno mengi. Tochi ya kichwa ina uzito wa yai. Kila mmoja alipaswa kuwa nayo, hata kwa matembezi ya saa tatu, na filimbi pia.

Umebaki ujumbe wa kwa ndugu. Uliwaanzishia msaada karibu saa moja kabla ya ujumbe wa kiongozi kupita, hivyo siwezi kuusema vibaya. Hata hivyo walinzi walipoteza dakika ishirini na tano wakiuliza ni njia ipi, kwa kuwa kutoka lango lile zinatoka njia mbili na daftari la kujiandikishia linataja idadi ya watu tu. Kiongozi sasa huandika mwenyewe na kumwachia mtu wa nyumbani na mtu wa langoni ujumbe huu, akijaza nafasi: "Tuko watu 11, njia ya bondeni, magari mawili langoni. Tunavuka kijito kurudi kabla ya saa 8:00, tunatoka saa 10:30. Tukichelewa tutakuwa tumekwama ng'ambo ya kivuko tukisubiri maji yashuke, hatutavuka kwa nguvu. Msipotusikia mpaka saa 12:00 jioni, waiteni walinzi waanzie kivukoni."